Mawe ya Ukuta Yatasema Nini?

Masomo: Yeremia 22:13-19, 2 Wafalme 22:3-7, Habakuki 2:9-12

Tunawasalimu wote, ninyi mliosikia neno hili kwenye radio na ninyi mnaolisoma kwenye karatasi, wa Ibanda, wa Kadutu, wa Bagira, na ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruzizi. Tunawasalimu kwa namna ya pekee wagonjwa ambao watoto wao wanawasomea karatasi hii kitandani. Mungu awakumbuke.

Leo tunasema juu ya nyumba. Wengine watauliza: Mchungaji, mbona unaacha wokovu na kushika mambo ya simenti? Wapendwa, fungueni Biblia. Torati inamwambia Mwisraeli namna ya kumaliza paa la nyumba yake. Nabii Yeremia alitumwa kwa mfalme akiwa na neno juu ya madirisha na juu ya rangi ya kuta. Kama Mungu aliangalia madirisha ya Yerusalemu, anaangalia pia madirisha ya Bukavu.

Tuanze na yale macho yetu yanaona. Mji huu, ambao Wabelgiji waliuita Costermansville kuanzia 1927 mpaka miaka ya 1950, umekaa juu ya ziwa kama mkono uliotumbukiza vidole ndani ya maji. Muhumba, Nguba, La Botte: wazee wanakumbuka zamani zile, parseli moja ilikuwa na nyumba moja, miti, majani, na mfereji wa kupeleka maji ya mvua. Leo parseli ile imekatwa mara nne, mara tano, na kila kipande kimeota etaje. Ukipanda mtumbwi na kuutazama mji kutoka ziwani, utaona nguzo nene kama za hekalu la Warumi, na ukizigonga zinalia tupu. Utaona vioo vya bluu vinavyopiga jua usoni mwa jirani. Utaona nyumba moja yenye mapaa matano yaliyopandana, kila moja na rangi yake. Utaona simba wawili wa simenti kwenye lango, na ndani ya lango saluni kubwa ambayo watoto wamekatazwa kukaa, kwa sababu viti vinangoja wageni. Familia inakaa nyuma, karibu na makala.

Tunacheka, lakini tusicheke sana. Kupenda kitu kizuri si dhambi. Katika Kutoka 31, Mungu mwenyewe alimjaza Besaleli Roho wake ili ajue kuchonga mbao, kukata mawe na kufua dhahabu. Fundi mzuri ana kipawa cha Mungu. Na mtu ambaye amekimbia vita mara tatu, amelala chini ya hema, akipata nguvu ya kujenga etaje, tunamfurahia. Hatukuja kupima ladha ya mtu. Tumekuja kuuliza swali lile Yeremia aliuliza.

Yeremia alisimama mbele ya mfalme Yehoyakimu. Mfalme huyu alikuwa anajenga. Alitaka vyumba vikubwa vya juu, vyenye nafasi ya kupitisha upepo, madirisha mapana, mbao za mwerezi ukutani, na juu ya hayo rangi nyekundu. Ilikuwa vila ya kisasa ya wakati ule. Lakini someni 2 Wafalme 23:35 mjue siku zenyewe zilikuwa siku gani. Farao Neko wa Misri alikuwa ameitoza nchi fedha na dhahabu, na mfalme alikuwa anaikusanya kwa watu, kila mtu kwa kadiri yake. Wananchi wanakamuliwa, na mfalme anapaka rangi. Tena wale waliobeba mawe yake hakuwalipa. Yeremia akamwambia ole, kwa sababu vyumba vile vilijengwa bila haki.

Kisha nabii akamkumbusha baba yake. Baba yake alikuwa Yosia. Yosia alikula, alikunywa, hakukosa kitu, lakini alimtendea haki maskini na mhitaji, na Bwana akasema kwamba huko ndiko kumjua yeye. Na hapa, wapendwa, tuangalie jambo ambalo wengi wanalipita haraka. Yosia naye alikuwa mjenzi! Katika 2 Wafalme 22 alitengeneza nyumba ya Bwana iliyobomoka. Fedha ilipelekwa mikononi mwa maseremala, wajenzi na waashi, na ya kununua mbao na mawe ya kuchonga. Na Biblia inaeleza kwamba hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walifanya kazi kwa uaminifu.

Baba na mwana, wote wawili walijenga. Wote wawili walinunua mbao na mawe. Kwa baba, mfanyakazi alilipwa na kuaminiwa. Kwa mwana, mfanyakazi alirudi nyumbani mikono mitupu. Hiyo ndiyo tofauti Mungu aliiona, na urefu wa ukuta haukutajwa. Na mwisho wa Yehoyakimu? Nabii alisema atazikwa kama punda anavyozikwa, kuburutwa na kutupwa nje ya malango. Vyumba vile vya mwerezi havikumsindikiza.

Nchi yetu wenyewe imeona jambo hili. Kule Gbadolite, katikati ya msitu wa Ubangi, Rais Mobutu alijenga majumba ambayo hakuna vila ya Muhumba inayoweza kusimama mbele yao. Marumaru yaliletwa kutoka Ulaya. Uwanja wa ndege ulitengenezwa na njia ya zaidi ya kilomita 3, hata ndege ya Concorde ikatua pale. Siku zile zile walimu wa nchi hii walikuwa wanahesabu miezi bila mshahara, na barabara zetu za Kivu zilikuwa zinameza magari. Mwezi wa Mei 1997 alikimbia kutoka Kinshasa, akapita Gbadolite, akatoka nchini. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule alikufa Morocco, na kaburi lake liko kule. Majumba yaliporwa mpaka waya za umeme. Leo nguzo zimebaki, msitu unaingia kwa madirisha. Hatusemi haya kumdhihaki mtu aliyekufa. Tunasema ili kila mjenzi ajue kwamba simenti haina kumbukumbu ya heshima ya mtu.

Sasa tumsikie Habakuki. Katika sura ya pili anasema juu ya mtu anayeweka kiota chake mahali pa juu ili asifikiwe na mabaya, na kumbe anaiaibisha nyumba yake. Anasema jiwe litalia kutoka ukutani, na boriti itajibu kutoka kwenye mbao. Maana yake nyumba ni shahidi. Unaweza kumfunga mdomo mfanyakazi. Unaweza kumlipa karani anyamaze. Lakini jiwe lina sauti mbele za Mungu. Basi tuulize, mawe ya nyumba zetu yatasema nini? Tuna maswali matatu.

Swali la kwanza: fedha ilitoka wapi, na ilimfikia nani?

Kuna fedha ya biashara safi, ya jasho, ya kutuma mzigo na kungoja. Kuna fedha ya mtoto aliye Ulaya, anayelala masaa manne usiku ili atume dola. Kuna fedha ya dhahabu ya Kamituga na Misisi, na ya coltan ya Numbi. Na kuna fedha ya damu, na mwenyewe anajua, hata kama amekaa kiti cha mbele kanisani. Habakuki anasema ole juu ya mji unaojengwa kwa damu. Zaka haisafishi fedha ya namna hiyo. Mungu hali rushwa.

Lakini hata fedha safi inaweza kuchafuka kwenye uwanja wa kujengea. Mnawajua wamama wetu wanaobeba mizigo. Mnawaona kule Beach Muhanzi, wakati mashua zinashuka mchanga na mbao. Kamba kwenye paji la uso, mgongo umeinama, anapanda mlima ambao gari haliwezi kupanda. Mfuko mmoja wa simenti ya Bugarama ni kilo 50, na mchanga uliolowa maji una uzito wake. Wengine wana mimba. Wengine wana mtoto mchanga aliyeachwa na dada yake wa miaka sita. Kila etaje ya mji huu ilipanda kwanza juu ya mgongo wa mama.

Huyu mama alikubaliana na fundi bei ya safari kumi. Jioni fundi anasema, bosi hajaleta fedha, rudi kesho. Kesho inakuwa juma lijalo. Na bosi hajui, au hataki kujua, maana yeye alishampa fundi. Torati katika Kumbukumbu 24 inasema maskini alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua, kwa sababu roho yake iko juu ya mshahara ule. Yakobo katika sura ya tano anasema mshahara uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele imefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Ndugu, una karo zinazong'aa sebuleni, na chini ya zile karo kuna deni la mama wa Cimpunda. Atatembea juu ya karo hizo nani kwa amani?

Swali la pili: udongo huu ulikuwa wa nani?

Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Taifa, na sisi tunapewa haki ya kuutumia. Lakini kila mtu hapa anajua habari za parseli moja yenye makaratasi mawili. Nendeni kwenye mahakama zetu, mtakuta kesi za mashamba na parseli zimejaa. Mjane anazika mume wake Jumatano, na mwezi haujaisha watu wanaingia na kamba ya kupima. Uwanja ambapo watoto walicheza mpira unaamka siku moja una ukuta. Njia ya watu wote inafungwa, na wanafunzi wanazunguka mtaa mzima. Kando ya mto Kawa, mahali ambapo maji yanahitaji kupumua, tumepanda nyumba.

Ahabu alikuwa na jumba, lakini alitamani shamba la Nabothi lililokuwa kando yake. Barua ziliandikwa, mhuri wa mfalme ukapigwa, mashahidi wakapatikana. Kila kitu kilikuwa na karatasi! Na bado Eliya alitumwa kukutana naye katika shamba lile. Mhuri wa ofisi unaweza kumnyamazisha mjane hapa duniani. Hauwezi kumnyamazisha Mungu wa mjane.

Swali la tatu: maji yako yanakwenda wapi?

Hapa tunaomba msikilize kama watu wanaotaka kuishi. Kumbukumbu 22:8 inasema ukijenga nyumba mpya, weka ukuta mdogo pembeni mwa paa, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Yaani Mungu anataka usalama wa mgeni na wa jirani uwe ndani ya hesabu yako tangu mwanzo. Leo tunamaliza balkoni tatu na hakuna chuma cha kushika. Tunapaka ngazi karo za utelezi kwa sababu zinang'aa. Tunapanda etaje ya nne juu ya nguzo zilizohesabiwa kwa etaje moja, kwa kuwa jirani amefika etaje ya tatu.

Mji wetu uko juu ya udongo unaotembea. Watu wa Funu wanajua: ukuta wa mwaka jana ulisimama sawa, mwaka huu una ufa wa kuingiza mkono. Na chini ya udongo kuna tetemeko. Tunakumbuka tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, watu wakiwa ibadani. Lilikuwa na nguvu ya karibu 6. Hapa Bukavu nyumba zilipasuka na watu walikufa, na upande wa Rwanda, kule Rusizi, waamini waliangukiwa na kanisa wakiwa wanaomba. Tetemeko halikuuliza nani ana imani. Lilipima ukuta.

Na mvua nayo inapima. Mwezi wa Mei 2023, kule Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, maji na matope vilichukua watu zaidi ya 400. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, watu wakiwa bado katika sikukuu ya Noeli, mvua ya usiku iliua watu hapa mjini, wengi wakiwa wamelala. Basi tujiulize. Paa kubwa linakusanya maji mengi. Kiwanja kilichofunikwa simenti yote hakimezi tone moja. Kama mwenye etaje hakuchimba mfereji, maji yale yanashuka kwa nani? Yanashuka kwa mwenye nyumba ya mbao aliye chini yake. Tajiri anasikia mvua ikipiga manjanja na anavuta blanketi. Maskini anasikia mvua ile ile na anaamsha watoto. Mvua ni moja. Lakini mfereji ambao haukuchimbwa ni dhambi yenye jina la mtu.

Katika Mathayo 7 Bwana Yesu alisema juu ya nyumba ya mwamba na nyumba ya mchanga, na sisi tunaihubiri juu ya moyo, na ni sawa. Lakini watu wa Bukavu wasiisahau maana ya kwanza: mjenzi mwenye akili huuliza chini kabla hajapamba juu.

Sasa neno kwa wale wanaoishi ndani ya mbao, mmekodi chumba kimoja Nyamugo au Buholo, na kila mwaka mnaogopa moto. Kuna mahubiri yanayowaumiza. Yanasema kwamba mwenye etaje ametembelewa na Mungu, na wewe bado hujafikiwa, imani yako ni ndogo. Wapendwa, uongo huo tuuache. Bwana wetu alizaliwa mahali pa kulishia wanyama, na mbingu ziliimba. Alilala katika nyumba za watu. Mafarisayo walimwalika, Martha alimwalika, mkwe wa Petro alimpikia. Hakuna mahali alipohesabu etaje za mtu. Kijana, usiende kufa katika shimo la Shabunda ili tu uonekane na vioo vya bluu. Dada, usimkatae ndugu mcha Mungu kwa sababu baba yake hana lango la chuma.

Na neno kwa ninyi mliojenga tayari. Huenda moyo unakuchoma: mchungaji, nyumba imesimama, nifanye nini, nibomoe? Msomeni Zakayo katika Luka 19. Huyu alikuwa tajiri, na fedha yake ilikuwa na harufu. Yesu hakungoja abomoe nyumba. Aliingia ndani yake, akakaa. Na Zakayo akasimama mbele ya wageni akasema atarudisha mara nne, na nusu ya mali itaenda kwa maskini. Ndipo Yesu akatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Basi wewe pia una njia. Mtafute yule mama wa mchanga, fundi wako anamjua, umlipe. Fungua njia uliyoifunga. Chimba mfereji, uufikishe mahali maji hayaui. Weka vyuma kwenye balkoni. Mwite mhandisi aangalie nguzo, na akisema etaje ya juu ishuke, ishuke. Ni afadhali nyumba ipungue kuliko mtu apotee.

Kwa sababu ya hayo tunawaambia jambo moja la kufanya. Katika mji huu tuna desturi ya ibada ya kufungua nyumba. Mwenyewe anaita mchungaji, kwaya inaimba, mafuta yanapakwa kwenye milango, watu wanashuhudia kwamba Mungu ametenda. Desturi ni nzuri, tutaendelea nayo. Lakini sisi na wazee wa kanisa tunapoitwa, tutakuja siku moja kabla, bila kwaya. Tutauliza maswali haya matatu. Tutaomba kuwaona waliobeba mchanga. Tutashuka chini ya ukuta kumsalimu jirani na kumuuliza juu ya maji. Jirani akitujibu kwa furaha, kesho yake tutaimba mpaka La Botte wasikie. Jirani akinyamaza, tutangoja. Mafuta hayatapakwa juu ya mlango wakati kuna mtu analia chini ya msingi. Na sheria hii itaanza na nyumba ya mchungaji na nyumba ya kanisa, kwa maana hukumu inaanza katika nyumba ya Mungu.

Na wewe mshiriki, ukialikwa kwenye sherehe kama hiyo, usitazame tu dari na taa. Muulize mwenye nyumba kwa upole: baba, wale waliokusaidia wako wapi, mbona hawako mezani? Swali hilo linaweza kumwokoa.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, wewe uliyekaa mahali pa juu na kuangalia vya chini, tunakushukuru kwa kila paa lililotufunika. Wakumbuke wale ambao msimu huu wa mvua hawalali. Wape nguvu wamama wanaobeba mizigo, na uwalete waliowadai mbele yao wakiwa na fedha mkononi. Mpe kila mjenzi wa mji huu moyo wa Yosia. Siku mawe yatakaposema, yaseme kwamba tulijenga kwa haki. Katika jina la Yesu Kristo, amina.